Kabla Hujasambaza: Nani Alikwenda Kuona?



Mpendwa kijana, leo tunatafakari amri ya nane, ile inayotukataza uongo. Nianze na kosa langu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilikuwa kigangoni Kibiti. Jioni moja nikapokea picha WhatsApp: boti imepinduka, na chini imeandikwa kwamba ilikuwa inatoka Nyamisati kwenda Mafia. Sikuuliza kitu. Nikairusha kwenye grupu la kwaya na kuandika, "Tuwaombee."

Kumbe mama mmoja wa kwaya ana mwanawe anayefanya kazi kwenye boti hizo. Akapiga simu usiku kucha, hapatikani. Kule delta mtandao ni wa kubahatisha. Asubuhi kijana akapiga mwenyewe, mzima wa afya. Picha ilikuwa ya zamani, tena ya nchi nyingine.

Nikaenda kumwomba radhi. "Shikamoo mama," nikasema, nikakosa la kuendelea.

"Marahaba. Frateri, mimi niliamini kwa sababu uliyetuma ni wewe."

Jamani, maneno hayo bado yananichoma.

Tunachopoteza

Siku hizi pale stendi wengi wanasoma habari kwenye simu, sio kwenye karatasi. Hiyo siyo dhambi. Hata Mwananchi, gazeti linalochapwa tangu mwaka 2000, lina tovuti yake. Kwa mtu wa visiwani delta, simu inamfikishia habari siku ileile. Gazeti lingemfikia limeshachakaa. Na magazeti nayo hukosea.

Ila nyuma ya habari ya gazeti kulikuwa na mtu aliyetumwa kwenda kuona, mhariri wa kumbana maswali, na ofisi ya kupeleka malalamiko. Gazeti lisiponunuliwa, nauli ya kumtuma huyo mtu inatoka wapi?

Kibiti wanajua thamani ya mtu huyo. Katika miaka ya mauaji, viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 13 Aprili 2017 polisi 8 waliuawa siku moja. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi, aliripoti mauaji hayo. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Hadi leo familia yake inasubiri.

Yeye alikwenda, akauliza, akaandika. Mimi nilikaa kitandani, nikabonyeza. Gharama yangu ilikuwa bando tu.

Kanisa linatufundisha nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu chenyewe kilivyo. Kwa hiyo "nimetumiwa" haitoshi. Lazima kuwe na aliyekiona kitu chenyewe. Katekisimu, namba 2477, inataja makosa dhidi ya heshima ya jirani: kumhukumu bila msingi, kutangaza makosa yake bila sababu ya haki, na kumsingizia. Grupu moja la WhatsApp linaweza kuyafanya yote kabla ya chai ya asubuhi! Naye Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2018, alitukumbusha nyoka wa kitabu cha Mwanzo: uongo wake ulipita kwa sababu ulifanana na ukweli.

Zoezi la wiki hii

Kabla ya kusambaza habari yoyote, jiulize:

1. Nani alikwenda kuona, na je, ameweka jina lake?
2. Ni ya lini, na ni ya wapi?
3. Anayetajwa angekuwa mama yangu, ningeituma?

Ukikosa jibu, acha. Ukiwa umeshatuma uongo, rudi kwenye grupu lilelile ukasahihishe, kisha nenda kwa uliyemuumiza. Kitubio bila kurekebisha madhara hakijakamilika.

Tusali: Ee Bwana, uliye Ukweli, linda vidole vyetu kama unavyolinda ndimi zetu. Uwalinde wanaokwenda kuona kwa niaba yetu. Mkumbuke Azory, na uifariji familia yake. Amina.