Bandari za Pwani katika Safari ya Ibn Battuta: Namna ya Kuzifundisha

Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi kwamba somo la bandari za kale hugeuka kuwa orodha ya majina. Wanafunzi wengi wa Songea hawajapata kuiona bahari. Hukariri Kilwa na Sofala, na baada ya mtihani husahau. Tunapendekeza mwalimu amfuate msafiri mmoja, na amhoji kama shahidi ahojiwavyo barazani.

Utangulizi

Mwalimu aanze na kinachojulikana. Aulize: kwa nini meli za Ziwa Nyasa hutia nanga Mbamba Bay? Shehena yake hutoka wapi? Kutokana na majibu, darasa litambue kuwa bandari huhitaji mambo mawili: maji yaliyotulia, na nchi iliyo nyuma yake yenye watu na bidhaa.

Safari yenyewe

Mwalimu achore ubaoni ramani ya pwani, toka Aden hadi Sofala. Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier nchini Moroko mwaka 1304, alifika pwani yetu mwaka 1331. Toka Aden alipitia Zeila na Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Kutoka Kilwa msafiri huyu alikwenda Dhofar, kusini mwa Arabuni.

Kumhoji shahidi

Wanafunzi wagawe daftari katika safu tatu.

(a) Aliyoyaona. Mogadishu alikaribishwa wali wa samli, na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa. Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu.

(b) Aliyoyasikia. Sofala hakufika. Habari za dhahabu yake aliambiwa na mfanyabiashara.

(c) Yanayohitaji kuthibitishwa. Anasema nyumba za Kilwa zilikuwa za miti. Lakini magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa, pale Kilwa Kisiwani, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Magofu hayo yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

Je, shahidi alisema uongo? Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Awaeleze kwamba habari hizi ziliandikwa na Ibn Juzayy, kwa masimulizi ya msafiri mwenyewe, na kitabu kikakamilika mwaka 1355, yaani miaka 24 baadaye. Wengine watasema alisahau. Wengine watasema watu wa kawaida waliishi katika nyumba za miti. Kila jibu lipokewe iwapo lina sababu.

Bandari na nchi yetu

Hapa somo lirudi nyumbani. Katika karne ya 19 bandari kubwa ya kusini haikuwa tena Kilwa Kisiwani bali Kilwa Kivinje, iliyoko bara. Misafara kutoka Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hizi ikielekea huko na pembe za ndovu na mateka. Wengi wa mateka hao waliuzwa katika soko la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873.

Kwa hiyo mwalimu asiipambe bandari kwa kutaja utajiri wake tu. Aulize: nani aliyebeba mzigo, na nani aliyepata faida? Lakini awe mwangalifu. Watekaji na wafanyabiashara walikuwa wa asili mbalimbali, na watoto walio mbele yake si wao. Asiruhusu kabila wala dini ya mwanafunzi yeyote inyoshewe kidole.

Kupima somo

Asiulize tu: «Taja bandari tatu za kale.» Aulize: «Tumejuaje kwamba Kilwa ilikuwa na majengo ya mawe?» Mwanafunzi atakayejibu swali hili ameanza kujifunza historia, aliyetaja majina matatu bila zaidi amejifunza majina matatu.