Kijani cha Shaba: Jinsi ya Kulitambua Jiwe Unalouziwa Arusha

Ukitembea katikati ya jiji la Arusha, kuanzia Mnara wa Saa hadi kwenye maduka ya vinyago, hutakosa kuonyeshwa jiwe la kijani. Huyu atakwambia ni zumaridi ya Manyara, yule ni ganeti ya kijani ya Simanjiro, na mwingine ataapa kuwa limetoka Mlima Meru. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mnunuzi, dalali anayeanza kazi, na mchimbaji mdogo aliyeokota kipande cha rangi hiyo na kukitia mfukoni. Inauma kuona mtu akilipa fedha ya zumaridi kwa jiwe ambalo wembe unaweza kulichuna.

Rangi peke yake haitoshi kulitaja jiwe. Mawe mengi ya kijani ya kanda yetu hayana uhusiano wowote na shaba. Tsavoraiti, yaani ile ganeti ya kijani, ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta mwaka 1967 upande wa Simanjiro, hupata kijani chake kutokana na vanadiamu na kromiamu. Zumaridi inayopatikana karibu na Ziwa Manyara ina kromiamu. Lile jiwe la Longido linalochongwa vinyago, la kijani lenye mabaka mekundu ya rubi, ni zoisaiti, na kijani chake ni cha kromiamu pia. Shaba ni ukoo mwingine kabisa.

Ukoo huo unaujua hata kama hujawahi kuingia mgodini. Waya wa shaba ulioachwa mvuani huota utando wa kijani. Ardhini hutokea jambo la namna hiyohiyo, ila kwa maelfu ya miaka. Mwamba wenye shaba iliyoungana na salfa unapofikiwa na hewa na maji ya mvua, shaba huyeyuka na kusafiri na maji kupitia nyufa. Ikikutana na chokaa, hujenga malakaiti. Ikikutana na silika, hujenga krisokola ya bluu-kijani, na mara chache sana, mazingira yakiwa makavu na maji yakiwa na uwiano unaofaa, hujenga dioptasi. Kwa sababu hiyo madini haya hukaa karibu na uso wa ardhi, juu ya shaba yenyewe, na watafutaji wa shaba tangu zamani wamefuata doa la kijani kwenye mwamba.

Malakaiti si adimu. Ndiyo ile ya mistari ya kijani kibichi na kijani cheusi, inayochongwa mayai, shanga na vifuniko vya vijisanduku, na sehemu kubwa ya inayouzwa Afrika Mashariki imetoka Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye ukanda wa Kolwezi na Likasi. Dioptasi ndiyo adimu. Asilimia 40 hivi ya uzito wake ni shaba, na kijani chake ni kizito, chenye chembe ya bluu, kiasi kwamba jiwe kubwa huonekana jeusi mpaka ulielekeze kwenye mwanga. Fuwele zake huwa fupi na nene, nyingi hazifiki hata ukucha wa kidole kidogo, zimesongamana juu ya mwamba mweupe wa kalsaiti au kwati. Mgodi wa Tsumeb nchini Namibia ndio uliotoa vipande vyenye sifa kuliko vyote duniani. Karibu na kwetu inapatikana Katanga, na ng'ambo ya Mto Kongo, huko Mindouli na Renéville katika Jamhuri ya Kongo.

Kuichanganya na zumaridi ni kosa la siku nyingi. Mwishoni mwa karne ya 18, fuwele zilizotoka nyika ya Kazakhstan zilisifiwa kuwa ni zumaridi, mpaka wataalamu walipozipima na kukuta ni laini mno. Mwaka 1797 Mfaransa René Just Haüy aliipa jina linalotumika hadi leo, kwa kuwa ukiitazama fuwele yake unaiona mipasuko iliyomo ndani.

Je, Mlima Meru una madini haya? Anayekuuzia jiwe la shaba kwa jina la Meru, mwombe akueleze limechimbwa wapi hasa. Meru ni volkano, na ililipuka kwa kiasi kidogo mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba yake ni lava zenye magadi mengi, majivu, na vifusi vya ule mporomoko mkubwa wa upande wa mashariki ulioacha vilima na mabwawa ya Momella. Miamba ya namna hiyo haijulikani kwa mashapo ya shaba. Chembe za kijani cheusi unazoziona kwenye mawe ya Meru kwa kawaida ni pairoksini, madini ya kawaida ya lava, na kijani cha maji ya Momella ni cha mwani. Shaba ya Tanzania iko mbali na hapa: Bulyanhulu huko Kahama hutolewa pamoja na dhahabu, na mashapo yake yanajulikana pia Mpanda na Mbesa, wilayani Tunduru. Arusha ni soko, na jiwe linaweza kufika hapa kutoka Lubumbashi huko Katanga likiwa limepita mikono mingi, kila mkono ukiliongezea hadithi.

Sasa tuje kwenye kulitambua. Anza na lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, ile ambayo kila dalali anatembea nayo. Jiwe likiwa limekatwa, lipitie kwa juu huku ukitazama kingo za upande wa chini. Kwenye dioptasi kingo hizo zinaonekana mbilimbili, kila mstari na mwenzake pembeni. Kwenye tsavoraiti huwezi kuona mistari miwili, na kwenye zumaridi tofauti ni ndogo mno kuonekana kirahisi. Peridoti nayo huonyesha mistari miwili, lakini kijani chake kina umanjano, na hutaichanganya ukiziweka pamoja. Tazama pia mipasuko ya ndani: ya dioptasi ni bapa, imenyooka, na inakatana kwa pembe zilezile. Ukiona viputo vya duara, hicho ni kioo.

Ugumu unasema mengi. Katika kipimo cha Mohs, malakaiti iko kati ya 3.5 na 4, dioptasi ni 5, ncha ya kisu cha kawaida ni kama 5.5, tsavoraiti ni 7 na zaidi, zumaridi 7.5 hadi 8. Kisu kitachuna mawe mawili ya kwanza na hakitaacha alama kwenye yale mawili ya mwisho. Lakini usimchunie mtu jiwe lake, wala usijaribu kwenye uso wa fuwele. Dioptasi hupasuka kirahisi na thamani yake yote iko kwenye ule uso mzima. Kwa kipande kibovu cha ghafi, kisugue upande wa nyuma wa kigae, ule mkavu usiong'arishwa. Mawe ya shaba huacha unga wa kijani hafifu. Zumaridi na tsavoraiti zitakikwaruza kigae bila kuacha rangi.

Wapo wanaodondoshea asidi. Malakaiti hutoa povu ikiguswa na asidi ya haidrokloriki, ni kweli, lakini kalsaiti iliyobeba dioptasi hutoa povu pia, na watu wengi wamedanganyika kwa povu lisilo la jiwe lenyewe. Isitoshe, kipande kizuri kitakuwa kimeharibika. Jiwe la fedha nyingi lipeleke likapimwe. Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko hapahapa Arusha, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yenye maabara iko Dodoma. Gharama ya kipimo ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya kununua jina.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila anayepokea mawe kutoka Katanga alijue, kwa sababu linahusu afya yake. Baadhi ya mashapo ya huko, kama Musonoi karibu na Kolwezi na Shinkolobwe, yana urani pamoja na shaba. Humo hupatikana tobenaiti, madini ya kijani cha kung'aa yenye vibamba vyembamba vya mraba, laini kiasi kwamba ukucha unakaribia kuyachuna. Yanavutia sana macho, na yana mionzi. Pia hutoa gesi ya radoni. Ukipata kipande chenye vibamba vya namna hiyo, usikikate, usikisage, usikiweke chumbani kwa kulala wala mfukoni, na nawa mikono baada ya kukishika. Kitie kwenye mfuko uliofungwa, mbali na watoto, kisha uwasiliane na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye ofisi na maabara Njiro, Arusha. Madini yenye mionzi hayasafirishwi bila kibali.

Hata mawe ya shaba yasiyo na mionzi yanahitaji heshima. Vumbi la malakaiti likiingia mapafuni hudhuru, kwa hiyo fundi anayechonga ajizibe pua kwa barakoa na alowanishe jiwe kwa maji muda wote wa kazi. Siku hizi kuna wanaoloweka mawe kwenye maji ya kunywa kwa imani ya tiba. Malakaiti isitiwe kwenye kinywaji chochote, na hasa chenye ndimu au siki, maana uchachu huyeyusha shaba na mnywaji anaweza kutapika na kuumwa tumbo. Pete au hereni za mawe haya zifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu, zikaushwe, basi. Mashine za kusafishia vito kwa mtikisiko na mvuke wa moto zitazivunja, na moto wa fundi sonara hugeuza kijani kuwa cheusi.

Kuhusu biashara, tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani, na kununua na kuuza vito kunahitaji leseni, iwe ya mfanyabiashara mkubwa au ya dalali. Mnunuzi adai risiti inayotaja jina la madini, uzito na mahali yalipotoka. Anayetaka kulisafirisha jiwe nje ya nchi aulizie kibali kwenye ofisi ya madini kabla ya kufunga mizigo, kwa sababu jiwe lisilo na karatasi linaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Kipande cha dioptasi kikiwa na karatasi inayosema kimetoka mgodi gani, bei yake kwa wakusanyaji hupanda; kikikosa, hata kikiwa kizuri vipi, kitauzwa kwa kubahatisha. Andika mahali lilipotoka siku ileile unapolipokea, kwenye karatasi ndogo, uifunge pamoja na jiwe.