Mto Ukipungua: Planktoni Wakati wa Ukame

Katika maji ya mto wa nyanda za chini huelea viumbe vidogo mno, visivyoonekana vema bila ya hadubini. Viumbe hivyo huitwa planktoni. Baadhi yake ni mwani, ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Vingine ni vijidudu, kama vile rotifa, ambavyo hula mwani huo.

Mto upitao kando ya mashamba na miji huwa na virutubisho tele, hasa naitrojeni na fosforasi, vitokavyo katika mbolea, samadi na maji machafu. Hata hivyo, virutubisho peke yake havitoshi kuujaza mto mwani. Hapana budi mwani upate pia muda wa kuzaana.

Maji yaendayo kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde humaliza safari ya kilometa 432 kwa siku 5. Kasi ikishuka hadi mita 0.2 kwa sekunde, safari hiyo huchukua siku 25. Iwapo seli moja ya mwani huongezeka maradufu kila siku, baada ya siku 5 zitakuwapo seli 32. Baada ya siku 25 zingezidi milioni 33. Kwa kweli idadi hiyo haifikiwi, kwa sababu mwani huliwa, hufa, hutiliana kivuli na kumaliza virutubisho. Lakini kanuni ni ile ile: maji yakikawia, mwani hustawi.

Jamii ya viumbe nayo hubadilika. Diatomu, ambazo zina ganda zito la silika, huhitaji maji yanayochafuka ili zisizame. Maji yakitulia, tabaka la juu hupata joto na kutengana na la chini, na diatomu huzama. Hapo mwani wa buluu-kijani, ambao kwa hakika ni bakteria, hupata nafasi. Seli zake zina vifuko vya gesi viuelezavyo juu kwenye mwanga, na baadhi ya aina zake huweza kutumia naitrojeni ya hewani. Tena nyuzi zake ndefu haziliwi kwa urahisi na rotifa.

Jambo hilo lilidhihirika nchini Australia mwishoni mwa mwaka 1991. Maji ya mito ya Barwon na Darling yalipopungua sana, mwani wa buluu-kijani wa jamii ya Anabaena ulienea kwa urefu wa kilometa 1,000 hivi. Mwani huo ulikuwa na sumu. Mifugo ilikufa, na serikali ya jimbo la New South Wales ikatangaza hali ya hatari. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu ya namna hiyo. Mvua iliponyesha na mto kujaa tena, mwani ulichukuliwa na maji.

Basi kuulinda mto si kuzuia uchafu tu. Ni pia kuuachia maji ya kutosha kutiririka.

Zoezi: Wakiwa ukingoni pamoja na mwalimu, wanafunzi wapime mita 20 kando ya kijito, watupie kijiti majini, na kuhesabu sekunde kinazotumia kupita umbali huo. Kisha wakokotoe: maji hayo yangesafiri kilometa ngapi kwa siku? Wapime tena wakati wa kiangazi na kulinganisha majibu.