Kunyosha Sauti Kabla ya Kuimba

Mkimbiaji hunyosha misuli kabla ya mashindano. Wanakwaya wengi wa shule, kinyume chake, huanza mazoezi kwa wimbo wenye noti za juu kabisa. Baada ya muda sauti hukwaruza, na mwanafunzi hudhaniwa kuwa hana kipaji. Mara nyingi kilichokosekana ni maandalizi.

Sauti hutokea katika kongomeo, ambamo mna mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa kwa utando laini wenye unyevu. Mikunjo hiyo huitwa nyuzi sauti. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji, alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Mwaka uliofuata taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society mjini London.

Hewa itokayo mapafuni huzifungua nyuzi hizo, nazo hujifunga tena mara moja. Noti A, inayotumiwa kulinganisha vyombo vya muziki, ina mitetemo 440 kwa sekunde. Mwimbaji anayeishikilia kwa sekunde 5 hugonganisha nyuzi zake mara 2,200. Zikigongana kwa nguvu siku baada ya siku, utando huvimba na huweza kuota vinundu.

Dakika 10 za mazoezi yafuatayo zinatosha:

1. Simama wima, legeza mabega, shingo na taya.

2. Vuta pumzi bila kupandisha mabega. Tumbo na mbavu ndizo zitanuke. Itoe polepole kwa mlio wa “sss”.

3. Funga midomo, uvumishe sauti ya katikati kwa upole.

4. Tetemesha midomo kama mtoto aigizaye gari, huku ukipandisha na kushusha sauti. Mdomo ukiwa umefungwa kiasi, shinikizo la hewa juu ya nyuzi huongezeka na kupunguza nguvu ya kugongana kwake.

5. Imba d r m f s f m r d, kisha rudia ukipanda nusu toni kila mara. Koo likikaza, shuka.

Wavulana wanaobalehe wahitaji uangalifu zaidi. Kongomeo lao hukua, nyuzi hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa kadiri ya oktavu moja. Katika kipindi hicho mwalimu asimlazimishe mvulana kuimba sauti yake ya zamani, bali ampe noti chache anazozifikia bila taabu.

Maumivu ni ishara ya kuacha kuimba. Maji ya kunywa na mapumziko husaidia. Kunong’ona kwa nguvu hakupumzishi sauti. Mwanafunzi ambaye sauti yake imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu amwone daktari.

Maswali

(a) Noti yenye mitetemo 220 ikishikiliwa kwa sekunde 8, nyuzi sauti hugongana mara ngapi?

(b) Kwa nini sauti ya mtu mzima mwanamume ni nzito kuliko ya mtoto? Linganisha na nyuzi nene na nyembamba za gitaa.