Sare ya Mlinzi Hushonwa Kwanza Kwenye Karatasi: Mafunzo Saba Niliyopata Katika Ununuzi wa Umma

Ukitaja zabuni ya serikali, wengi hufikiria barabara, madaraja na mashine za hospitali. Sare za walinzi huonekana jambo dogo: shati, suruali, buti, kofia, koti la mvua, basi. Mimi nimekuwa afisa ununuzi katika taasisi za umma hapa Tanzania kwa miaka mingi, na sare hizo zimenifunza kazi hii kuliko ununuzi wa magari.

Gari likiwa bovu, mkurugenzi hulipanda na kulalamika siku hiyo hiyo. Buti likiwa bovu, anayeumia ni mlinzi wa lindo la usiku, na malalamiko yake huishia kwa msimamizi wa zamu. Sheria ya Ununuzi wa Umma imewapa watu wengi nafasi katika mchakato: Afisa Masuuli, Bodi ya Zabuni, kitengo cha ununuzi, idara tumizi, kamati ya tathmini. Anayevaa hajatajwa popote. Mafunzo yafuatayo yote yanahusu namna ya kumwingiza humo bila kuvunja kanuni hata moja.

1. Nenda lindoni kabla ya kuandika chochote

Idara tumizi huleta ombi la mstari mmoja: "Sare za walinzi, seti kamili." Ukilichukua hivyo hivyo na kulitangaza, umeshakosa. Mimi huwa naenda malindoni kwanza. Katika taasisi moja mlinzi wa geti alinyanyua mguu akaniwekea buti mbele ya macho. Soli ilikuwa imefungua mdomo, naye ameibana kwa waya. "Mkuu, hizi tulipewa mpya," akaniambia. "Mvua za kwanza tu zikaachia." Ile buti ilikuwa ya gundi tupu, haina mshono hata mmoja. Kigezo cha soli iliyoshonwa na kubandikwa kiliingia kwenye zabuni iliyofuata kwa sababu ya waya ule.

Huko huko ndiko utakakosikia mengine ambayo ofisini hayafiki. Walinzi wanawake hupewa suruali zilizokatwa kwa umbo la mwanamume, wakazipeleka kwa fundi kwa hela yao. Mlinzi wa Makete anahitaji koti la baridi, na wa Tanga anahitaji kitambaa kinachopitisha hewa. Chukua vipimo vya kila mlinzi, mwanamke na mwanamume, uviambatanishe kwenye nyaraka za zabuni. Jedwali lenye herufi S, M, L na XL pekee huzaa lundo la nguo zisizovalika.

2. Nguvu yako yote iko kwenye vigezo vya kiufundi

Maneno kama "imara", "ya kisasa" na "yenye ubora wa hali ya juu" hayana kazi kwenye zabuni, kwa maana kila mzabuni atasema yake ni imara. Andika kinachopimika. Kwa shati na suruali za kazi, mchanganyiko wa polista 65 na pamba 35 kwa mia ni wa kawaida. Taja pia uzito wa kitambaa kwa gramu za kila mita ya mraba, na kiwango cha juu cha kusinyaa baada ya kufuliwa. Kwa rangi, kuna vipimo vya ISO 105: kimoja hupima rangi ikifuliwa, kingine ikikaa kwenye mwanga. Mlinzi wa geti hushinda juani, kwa hiyo cha mwanga ndicho nisichokubali kiachwe.

Upande wa pili kuna hatari ya kubana vigezo hadi vikamlenga mtu mmoja. Kanuni haziruhusu kutaja chapa ya kampuni ili kuwafungia wengine mlango. Pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kitu, unaongeza maneno "au kinacholingana nacho". Niliwahi kuletewa rasimu iliyodai vifungo vya umbo fulani ambavyo, kwa jinsi tulivyolijua soko, vilikuwa kwa muuzaji mmoja tu. Nilimuuliza aliyeileta: kifungo hicho kinamsaidia nini mlinzi? Hakuwa na jibu, kikatoka. Swali hilo hilo linafaa kwa kila mstari wa vigezo. Kama mstari haumsaidii anayevaa, kuna anayesaidiwa nao.

3. Vifaa vya kujikinga visiwe mkia wa sare

Mara nyingi fulana ya kuzuia risasi, kofia ngumu, buti za usalama na vizibao vya kung'aa huwekwa mwishoni mwa orodha ya sare, chini ya soksi na mikanda. Ni makosa. Shati likichanika, mtu huaibika. Fulana ya kuzuia risasi ikiwa bandia, mtu hufa. Vitengee fungu lake, na vigezo vyake, na tathmini yake.

Viwango vipo tayari, huna haja ya kubuni. Buti ya usalama ya EN ISO 20345 ina kofia ya vidole inayohimili pigo la joule 200. Vizibao vya kung'aa vina EN ISO 20471, yenye madaraja 3. Kwa fulana za kuzuia risasi, wengi hutumia viwango vya taasisi ya NIJ ya Marekani. Hapo soma kwa makini: fulana laini ya daraja la IIIA huzuia risasi za bastola, si za bunduki ya kivita. Ukimpa mlinzi wa lango linalotishiwa na bunduki fulana hiyo, umempa moyo tu. Tena NIJ ilitoa toleo jipya mwaka 2023, lililobadili majina ya madaraja kuwa HG kwa bastola na RF kwa bunduki, huku bidhaa za majina ya zamani zikiwa bado zipo sokoni. Zabuni yako ieleze inapokea yapi, la sivyo tathmini itageuka mabishano. Na usisahau lebo. Fulana hizi zina tarehe ya kutengenezwa na muda wa dhamana, ambao mara nyingi ni miaka 5. Fulana iliyokaa ghalani kwa muuzaji miaka 3 imeshakula zaidi ya nusu ya muda huo kabla hujailipia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Afisa wa bajeti akiniambia vifaa hivyo visubiri mwaka ujao, mimi humwonyesha sheria hiyo kabla ya kumwonyesha ile ya ununuzi.

4. Neno "usalama" lisiwe pazia

Vyombo vya ulinzi na usalama vina utaratibu wao ndani ya sheria kwa vitu ambavyo havifai kuwekwa hadharani. Hilo lina mantiki. Tatizo ni pale taasisi ya kiraia inapotaka kumpa mtu mmoja kazi bila ushindani kwa hoja kwamba "haya ni mambo ya usalama." Shati la mlinzi wa geti si siri ya nchi, maana kila anayeingia analiona.

Kuna pande mbili tu ambazo usalama unagusa sare moja kwa moja: rangi na mtindo wake, na mwisho wake. Agosti 2023, Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wanaomiliki mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Kwa hiyo kabla ya kutangaza zabuni, hakikisha muundo wako haufanani na sare za jeshi wala za polisi. Vilevile panga mwisho wa sare tangu mwanzo: zile kuukuu zikusanywe kwa hesabu, nembo ziondolewe, nguo ziharibiwe. Sare ya taasisi ikionekana kwenye marobota ya mtumba, mwizi amepata njia ya kuingilia.

5. Kalenda hushinda hila

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi na kuisha Juni 30. Ununuzi mbovu wa sare nilioushuhudia ulikuwa na dalili moja: ulifanywa Mei au Juni, fedha zikitafutiwa pa kutumika. Hapo ndipo watu huanza kukata zabuni moja vipande vidogo ili iangukie kwenye njia ya kuomba bei kwa wachache, jambo ambalo sheria inalikataza. Wengine huita dharura. Sare huchakaa kwa ratiba inayojulikana. Mtu anayeuita ununuzi huo dharura ameukalia mwenyewe.

Dawa ni Mpango wa Ununuzi wa Mwaka. Tangu Sheria Na. 10 ya mwaka 2023 na Kanuni zake za 2024, shughuli hizi hufanyika kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS, na mpango wako unaonekana humo. Kama bidhaa iko kwenye mikataba maalum ya GPSA, wakala wa serikali wa huduma za ununuzi, itumie mikataba hiyo. Utaokoa muda wa kutangaza upya. Sheria pia imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalum ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ushonaji ni kazi ambayo vikundi hivyo vinaiweza kweli, ila vinahitaji muda wa kununua kitambaa na kukata. Ukitangaza Juni, hiyo asilimia 30 umeiandika tu.

6. Bei ndogo ina hesabu yake

Buti ya bei nusu inayodumu miezi 4 ni ghali kuliko ya bei kamili inayodumu miezi 18. Kila mtu anajua hivyo, lakini kamati ya tathmini haiwezi kutumia hekima ambayo haikuandikwa kwenye nyaraka. Andika muda wa dhamana, andika vyeti vya maabara vinavyotakiwa, andika kwamba sampuli ni sehemu ya tathmini. Baada ya hapo mzabuni wa bei ndogo asiyefikia vigezo anaondolewa kwa haki, na hata akienda PPAA, mamlaka ya rufaa za ununuzi wa umma, una la kuonyesha.

Nchi nyingine hutumia sare kukuza viwanda vyao. Marekani ilianza mwaka 1941, kupitia Berry Amendment, kuzuia jeshi lake kununua nguo za nje, na mwaka 2009 ikaweka sharti la namna hiyo kwa idara yake ya usalama wa ndani. Sisi tuna viwanda vya nguo Morogoro na Arusha, na kiwanda cha viatu vya ngozi cha Karanga, Moshi, ambamo mfuko wa pensheni wa PSSSF una hisa pamoja na Magereza. Upendeleo kwa wazalishaji wa ndani upo kisheria. Unachohitaji ni kuvitembelea viwanda hivyo mapema, ujue vinaweza nini, kisha uandike vigezo ambavyo viwanda hivyo vinaweza kuvifikia bila kushusha ubora.

Nanyi wauzaji wadogo, pigeni hesabu kamili kabla ya kujaza bei. Malipo ya bidhaa serikalini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2. Nimeona kikundi kikishinda zabuni kwa faida nyembamba mno, halafu kikashangaa kiasi kilichoingia benki.

7. Siku ya mapokezi ndiyo siku ya haki

Mchakato wote unaweza kuwa safi kama maji ya kisima, ukaharibikia mlangoni mwa ghala. Kamati ya ukaguzi na mapokezi huundwa haraka, maboksi yanahesabiwa, saini zinawekwa, gari linaondoka. Maboksi yalihesabiwa, nguo hazikutazamwa.

Utaratibu wangu ni huu. Sampuli iliyoshinda hutiwa saini na muhuri wa pande zote mbili, ikafungiwa kabatini. Siku ya mapokezi inatolewa na kuwekwa mezani. Kamati huchagua maboksi yenyewe, anayeleta mzigo haruhusiwi kusema "fungueni hili." Shati hugeuzwa ndani nje: tunaangalia mishono ya kwapani na begani, tunahesabu stichi kwa sentimita, tunavuta kifungo. Futi ya fundi hupita kiunoni na urefu wa mguu, ikilinganishwa na jedwali la vipimo. Kisha shati moja linazamishwa kwenye beseni la maji ya sabuni pamoja na kipande cha kitambaa cheupe. Nimewahi kuona maji yakigeuka buluu mbele ya dereva aliyekuwa anasubiri hati yake ya kupokelewa mzigo. Sampuli ya kabatini haikutoa rangi hata kidogo. Mzigo ulirudi, na hakuna aliyehitaji kupandisha sauti. Beseni halichukui nafasi ya maabara, ila linatosha kukwambia upeleke nini maabara.

Weka mlinzi mmoja kwenye kamati hiyo, au angalau aitwe avae na kutembea. Yeye ndiye atakayegundua kwamba buti linabana kisigino.

Haya yanawahusu hata wanaokodi walinzi. Taasisi nyingi sasa zinatumia SUMA JKT Guard ya Jeshi la Kujenga Taifa au kampuni binafsi, ambako sare ni jukumu la mtoa huduma. Mkataba bado ni wako: ueleze mlinzi atavaa nini, atabadilishiwa lini, na kwamba gharama hiyo haikatwi kwenye mshahara wake.

Kama wewe ni Afisa Masuuli, wiki hii waite walinzi wako uwaulize buti za mwisho zilidumu miezi mingapi, mashati yalipauka lini, na nani kati yao alilipa fundi kwa hela yake. Majibu yao yaandikwe na yafike kwa afisa ununuzi wako kabla mpango wa mwaka haujapitishwa. Hakuna kanuni inayokuzuia, na kuwauliza hakukugharimu shilingi.