Kichwa cha Mtoto Kikiwa Bapa

Mtoto mchanga alazwe chali, ndiyo salama. Lakini akilalia upande mmoja kila siku, fuvu lake laini huwa bapa. Kule Marekani wazazi hutafuta kofia ngumu ya kunyoosha kichwa, na bima mara nyingi hukataa kulipa ikisema ni urembo tu. Mwaka 2014 uchunguzi wa Uholanzi kwa watoto 84 ulionyesha kwamba walipofika miaka 2, waliovaa kofia na wasiovaa walikuwa karibu sawa. Basi tusikimbilie kuuza mbuzi! Tufanye hivi:

1. Tumgeuze kichwa: leo kulia, kesho kushoto.
2. Akiwa macho, tumlaze kifudifudi tukimwangalia, na tumbebe.
3. Shingo ikikaza, au fuvu likiwa na tuta gumu, twende kliniki upesi.

Je, kikundi chenu kitamfundisha nani kwanza?