GARI LIKITETEMEKA, SHIKA DAFTARI KABLA YA SPANA

Leo tunajifunza juu ya gari. Pengine mmoja atasema, "Mimi sina gari, somo hili la nini?" Lakini wengi wetu tunapanda gari, tunapakia mazao kwenye gari, au tunachangia fedha ya kulitengeneza. Kwa hiyo somo hili ni letu sote.

Kikundi kimoja cha akina mama wa vijiji vya juu ya Ngaramtoni kina pikapu kuukuu. Siku za gulio, yaani Alhamisi na Jumapili, pikapu hiyo huteremsha kabichi, viazi na ndizi. Siku moja ilianza kutetemeka ikiwa kwenye lami ya barabara ya Namanga.

"Yeyo, ni matairi hayo," dereva alimwambia mwenyekiti wa kikundi.

Wakanunua matairi mawili ya nyuma. Mtetemo ukabaki palepale. Fundi mmoja akasema, "Difu imekufa." Difu ni ghali. Fedha iliyobaki kwenye sanduku ilikuwa ya mbegu za msimu. Hapo mweka hazina, ambaye alijifunza kusoma katika kisomo chetu, akasema, "Subirini kwanza. Tuandike."

Tutaona aliandika nini. Kwanza tujue propela.

PROPELA NI NINI?

Katika pikapu nyingi injini iko mbele, na magurudumu yanayosukuma gari yako nyuma. Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, kisha kwenye bomba refu la chuma lililolala chini ya gari, mpaka kwenye difu huko nyuma. Bomba hilo ndilo propela.

Kila ncha ya propela ina kiungo chenye umbo la msalaba. Mafundi hukiita krosi. Krosi huiwezesha propela kuzunguka huku imeinama, maana magurudumu ya nyuma hupanda na kushuka kwenye mashimo.

Propela huzunguka kwa kasi sana. Hebu tuhesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hutembea mita 1,000 kila dakika. Tairi likizunguka mara moja, gari husogea kama mita 2.2. Basi tairi huzunguka kama mara 450 kwa dakika. Katika pikapu nyingi, tairi likizunguka mara 1 propela huzunguka kama mara 4. Sasa zidisha: 450 × 4 = 1,800.

Kitu kinachozunguka mara 1,800 kwa dakika, kikiwa kimebonyea kidogo, au kimeshika donge la tope upande mmoja, lazima kitikise gari.

DAFTARI LILISEMA NINI?

Mweka hazina alikaa kando ya dereva kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, kisicho na watu. Dereva aliendesha tu. Mama aliandika hivi:

1. Gari limesimama, injini inavuma: hakuna mtetemo.
2. Kilomita 40: hakuna mtetemo.
3. Kilomita 60, gia ya 3: sakafu inatetemeka.
4. Kilomita 60, gia ya 4: vilevile.
5. Kilomita 60, klachi imekanyagwa kidogo: vilevile.
6. Usukani: umetulia.

Sasa tusome majibu. Gari likisimama halitetemeki. Ukibadilisha gia katika mwendo uleule, mzunguko wa injini hubadilika, lakini mtetemo haukubadilika. Basi siyo injini. Propela na magurudumu hufuata mwendo wa gari, siyo gia. Usukani umetulia, kwa hiyo magurudumu ya mbele hatuyashuku sana. Tena mtetemo wa gurudumu ni wa polepole. Huu ulikuwa wa haraka, kama ule unaousikia miguuni ukisimama karibu na mashine ya kusaga. Tunaishuku propela.

Likabaki swali moja: ulianza lini? Hapo mama akafungua daftari la matumizi. Kumbe wiki ileile mtetemo ulipoanza, kikundi kilikuwa kimelipia krosi mpya!

Walipochungulia chini waliona kosa. Propela nyingi zina meno katikati ili ziweze kurefuka na kufupika. Fundi alipobadilisha krosi aliichomoa propela kwenye meno hayo, akairudisha vibaya. Zile panda mbili zinazoshika krosi, moja kila ncha, hazikulala sawa.

Kwa nini hilo ni kosa? Krosi ikizunguka huku imeinama haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara 2 na kupunguza mara 2. Krosi ya pili hulisahihisha kosa la ile ya kwanza, lakini ni pale tu panda zinapolala sawa. Zisipolala sawa, gari hutetemeka.

Propela ilifunguliwa, meno yakarudishwa mahali pake, mtetemo ukaisha. Kikundi kililipa ufundi tu. Fedha ya mbegu ikabaki sandukuni.

TUANGALIE NINI CHINI YA GARI?

Simamisha gari mahali tambarare. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Kisha angalia:

- Je, kuna tope kwenye propela? Likwangue, ujaribu gari tena.
- Je, propela imegongwa na jiwe ikabonyea?
- Je, bolti zake zimelegea?
- Je, kuna vumbi jekundu la kutu kwenye krosi? Hiyo ni dalili ya kukosa grisi.
- Shika propela karibu na krosi, uizungushe huku na huku na kuinyanyua. Krosi yenyewe ikicheza, imekwisha.

Sikiliza pia. Krosi kavu hulia kama ndege gari likienda polepole. Krosi iliyochakaa hugonga "tang!" unapoingiza gia au unapoanza kurudi nyuma.

Tena, mwambie fundi atie alama ya rangi kabla ya kufungua propela. Magari machache yana panda zilizopangwa tofauti tangu kiwandani. Alama ndiyo ya kuaminiwa.

HATARI YA KUPUUZA

Usiseme, "Linatetemeka lakini linakwenda." Krosi ikikatika, nguvu ya injini haifiki tena kwenye magurudumu ya nyuma, na gia haiwezi kulizuia gari. Wewe uko kwenye mteremko wa Meru, umebeba watu na viazi! Ncha ya mbele ya propela ikidondoka inaweza kuchimba barabara na kulipindua gari. Katika Land Rover nyingi za zamani breki ya mkono hushika shafti ya kwenda nyuma, siyo magurudumu. Propela hiyo ikikatika, breki ya mkono nayo haishiki.

Ndugu wasomaji, yule mama hakushika spana. Alishika kalamu. Fundi anajua kufungua gari, lakini mwenye gari ndiye anayejua lilianza lini kuugua. Mpelekee fundi habari zilizoandikwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Kwa nini mama alijua kwamba siyo injini?
2. Gari likienda kilomita 30 kwa saa, propela itazunguka kama mara ngapi kwa dakika?
3. Kwa nini dereva hakuandika mwenyewe?
4. Je, kikundi chenu kina daftari la matengenezo? Kama halipo, lianzeni leo. Andikeni tarehe, kilichotengenezwa na fedha iliyolipwa.